Rehani, Mtandao Wako Umezimwa kwa Sababu ya Utani

Mwaka umetimia, Rehani, tangu tukulaze pale Lumbwe, chini kidogo ya nguzo uliyoisimamisha mwenyewe. Nguzo ingali wima. Kopo la maziwa ya unga ulilolifanya antena bado liko kileleni, linatazama Kihonda kama ulivyoliacha. Kinachokosekana ni mtandao, na aliyeuzima tunamjua. Anataka familia yako imwombe radhi gazetini ndipo auwashe. Tutamfikia. Kwanza wewe, maana siku ni yako.

Tunakumbuka ulivyokuwa ukisema na mashine zako. Ukungu ukikaa wiki nzima na betri ikichoka, ulikuwa unaipangusa kwa kitambaa ukiibembeleza: "Haya mama, amka basi, usiniaibishe mbele ya wakwe." Ulikuwa na stashahada yako ya umeme na ajira ya mradi wa mtandao mjini, lakini kila Ijumaa baada ya swala ulipanda mlima na begi la nyaya. Ukifika, hukai mpaka umewaamkia wazee wote, hata waliosinzia. Mkeo Shadia alikuwa akiwaambia majirani kwamba yeye ni mke mdogo, mke mkubwa ni nguzo.

Miaka ile soko la simu lilikuwa limefunguliwa, tukaambiwa zama za ushindani zimefika. Makampuni yalishindana kweli: yalishindana kurundika minara Msamvu, mjini, mahali ambapo hutupi jiwe bila kumpiga muuza vocha. Yakiinua macho kuitazama Uluguru, yaliona milima mizuri ya kuweka kwenye kalenda. Watu wanaoishi humo hawakuonekana.

Wewe uliona kwamba mtu akisimama kwenye shamba letu la ukoo anaona paa la ofisi yenu Kihonda, na kwamba jicho linapofika, mawimbi nayo yatafika. Kwetu ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo ulikwenda kumwomba mama Mwaisha. Akakuuliza, "Hiyo nguzo itakula nini?"

"Jua tu, mama."

"Basi isimame. Mgeni asiyegusa ugali wangu simfukuzi."

Ndivyo Lumbwe ilivyopata mtandao kwa bei ambayo hata mchuma mdalasini aliimudu. Wakulima wakawa wanajua bei ya ndizi sokoni kabla ya kujitwika mikungu. Vijana wakasoma matokeo ya mtihani wakiwa kijijini. Editha, muuguzi wa zahanati, akawa anamwuliza daktari wa mjini jambo asubuhi na kujibiwa kabla mgonjwa hajaondoka.

Mkurugenzi wa mradi alikuja siku ya uzinduzi. Hakuwahi kuja kabla. Alikata utepe, akahutubia mpaka maua aliyovishwa yakanyauka, akapigwa picha amelikumbatia kopo lako kama amelizaa. Jina lako halikutajwa. Wewe ndiye uliyekuwa umemshikia mwavuli.

Masika yaliyofuata, radi ilipounguza kifaa cha nguzoni, uliomba gari la mradi. Ukaambiwa gari lina safari za semina na, isitoshe, haliwezi milima. Ukapanda kwa miguu mvuani, ukatengeneza, ukarudi na nimonia. Gari lisiloweza milima lilipanda vizuri sana siku ya mazishi yako, limeoshwa linang'aa, mpiga picha kakaa kiti cha nyuma.

Kwa wasomaji wasiotujua: kwetu maziko hayaendi bila watani. Mtani wa ukoo haalikwi, hatumwi wala halipwi. Anakuja mwenyewe, anawachezea wafiwa, anasema lile ambalo wao wamelimeza. Ukoo unaofiwa haumjibu, na haumwombei msamaha kwa mtu yeyote, kwa sababu maneno yale ni haki yake.

Mzee Mosi, mtani wetu, alikuja amejifunga tai ya gome la mgomba. Alikuwa amevuta kamba ya mgomba katikati ya njia ya kaburini. Jeneza lilipofika akanyanyua mkono.

"Simama hapo! Marehemu kasaini mahudhurio? Hajasaini? Basi hana posho!" Akageuka huku na huku akitanguliza tumbo mbele. "Wafadhili wako wapi? Mpiga picha, mbona umelala? Mnishikie mwavuli, aliyekuwa akinishikia leo amechelewa kazini!" Kisha akakata kamba kwa panga. "Natamka kaburi hili limezinduliwa rasmi!"

Mama alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. Ndipo akaweza kulia.

Mkurugenzi hakucheka. Alimvuta dada yako Hidaya pembeni. "Mmemlipa kiasi gani huyu mlevi anidhalilishe?"

"Shikamoo, mzee," Hidaya akamjibu. "Huyu ni mtani, halipwi. Angekuwa wa kulipwa tungemkuta ofisini kwako."

Aliondoka kabla hatujakutilia mchanga. Jumatatu yake mashine ya juu ya paa la Kihonda, iliyokuwa ikiirushia nguzo mtandao, ikazimwa, nasi tukaletewa ujumbe: radhi gazetini, kwa jina la familia.

Hatukufichi kwamba imeuma. Editha amerudia kungoja gari la kuteremka mjini ndipo aulize swali lake. Mwalimu Gabrieli wa shule ya kijiji alikuja kumsihi mama. "Mama, tuombe tu. Ni maneno matupu, na watoto wanaumia."

"Ni maneno matupu kweli, mwalimu wangu. Basi na yeye asikose usingizi kwa maneno ya Mosi. Tukiinama leo, kesho atauzima tena, mtoto akicheka tu wakati yeye anapita."

Tunajua wewe ungeshuka. Ungevaa shati lako la kola, ungempa shikamoo yake, ungeomba radhi kwa kosa lisilo lako, kwa kuwa uliwapenda watu wa Lumbwe kuliko ulivyojipenda. Tulikuona ukifanya hivyo mara nyingi. Tulikupenda kwa upole huo, na upole huo ndio uliokupandisha mlima mvuani. Utusamehe wewe, mpenzi wetu: kwa hili hatutakuiga.

Unakumbukwa na mama yako Mwaisha, mkeo Shadia, wanao Raya na Luqmani, dada yako Hidaya na wapwa zako wote, Editha wa zahanati, pamoja na mtani wako Mosi, anayesema bado hajamaliza. Mungu akulaze pema. Haipiti siku ambayo hutajwi nyumbani kwetu, na haitapita.

Na wewe Mkurugenzi, tunajua unalisoma gazeti hili, ukitafuta ulichokiagiza. Umeshafika mwisho wa tangazo. Hatuombi radhi.