Nusu Niliyoisoma Kanisani

Merrylands, Sydney
Jumamosi, mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na goti limetulia sasa baridi ya huko Upare imepita. Bibi anakula vizuri? Mimi mwili ni mzima. Ni uso tu, Mama, sijui niuweke wapi.

Najua umeshaiona siku niliyoandika hapo juu, na najua umeguna. Ndiyo, niko kazini. Hilo tulishaongea: wazee huku wanahitaji kulishwa na kuogeshwa hata siku ya Sabato, nawe ukasema hata Bwana aliponya siku hiyo. Ukanitetea mpaka kwa mchungaji. Ninaloandika leo ni jingine.

Mzee ninayemhudumia, Mzee Colin, alikuwa mwalimu wa lugha za kale. Macho yake yamechoka, basi nikishamwogesha namshikia lenzi asome kitabu chake kikubwa cha picha. Ni kurasa za Injili iliyoandikwa kwa mkono zamani sana, Kigiriki kushoto, Kilatini kulia. Kitabu halisi kimehifadhiwa Uingereza. Siku moja alinitafsiria habari fupi ndani ya Luka, karibu na pale wanafunzi walipovunja masuke, ambayo katika Biblia yako huipati. Yesu anamwona mtu akifanya kazi siku ya Sabato. Anamwambia kwamba kama anajua anachofanya, amebarikiwa. Kama hajui, amelaaniwa, ni mvunja sheria. Mzee Colin aliniambia palepale kwamba habari hiyo imo katika kitabu hicho tu, na yeye hana hakika kama Bwana aliyasema hayo. Mimi masikio yangu yaliishia kwenye "amebarikiwa". Niliiandika tafsiri yake kwenye daftari langu, nikaenda stesheni nikiimba.

Sasa, kanisani kwetu Lidcombe yupo Baba Furaha, Mkongo, mtu mpole, anapakia mizigo ghalani. Tangu afike nchi hii alikataa kazi ya Sabato. Wakampunguzia zamu, akavumilia. Sabato moja niliyopata nafasi, mama mmoja Mkenya alimsifu mbele ya darasa la Biblia, kisha akanigeukia mimi: "Lakini wengine hapa, Sabato wameshaiuza kwa shifti."

Watu wakacheka. Unanijua, hasira zangu ni za baba. Nikasimama, nikasema ninalo neno kutoka Injili ya kale, ya Kigiriki na Kilatini, nikafungua daftari, nikawasomea kwamba aliyefanya kazi siku ya Sabato akijua anachofanya alibarikiwa. Nikakaa. Kuhusu laana sikutamka kitu, wala sikusema kwamba mwalimu mwenyewe ana shaka. Na kwa sababu ya hicho Kigiriki, hakuna aliyethubutu kunijibu. Yule mama akafunga Biblia yake. Nilijiona mshindi.

Leo asubuhi nasubiri treni Lidcombe, nani namwona? Baba Furaha, kavaa kizibao cha kazi, kashika chakula chake.

"Dada Raheli!" akaniita kwa furaha, kwa Kiswahili cha kwao Kongo. "Ile yenye ulisomaka kanisani, ilinipatia nguvu sana. Nilienda kwa bosi, nikamwambia hata siku ya Sabato niko tayari. Leo njo siku ya kwanza."

Ningeweza kucheka naye nikapanda treni. Shetani alinishauri hivyo. Lakini nilimwambia, Mama, nusu ya pili yote, na shaka ya mzee.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Kumbe kulikuwa ingine," akasema. Akaniuliza polepole, "Na weye, dada, unajua yenye uko unafanya?"

Treni yangu ikafika. Mzee Colin hawezi kushuka kitandani peke yake, nikapanda. Dirishani nilimwona ameketi kwenye benchi, chakula chake mapajani. Kama alikwenda ghalani au alirudi nyumbani, sijui.

Naona haya. Unakumbuka ibada za jioni, nilivyokuwa nikiruka maneno ili nikimbilie kucheza? Ulikuwa ukiniita: "Rudi. Neno la Mungu halikatwi kama muwa." Nami nimelikata, nikampa mwenzangu kipande kitamu.

Sabato ijayo nimeomba ruhusa kazini. Nitasimama palepale nisome lote. Yule mama akitaka kucheka, acheke. Ila usinitetee tena kwa mchungaji, tafadhali, mpaka nikuombe mwenyewe.

Nisalimie mjomba Elisante na kwaya yake, dada Nakiete na wanawe. Bibi umshike mkono kwa niaba yangu.

Swali la Baba Furaha sikulijibu. Ningejibu kweli, ningesema sijui, na asiyejua umeshasoma hapo juu aliambiwa nini. Jioni ukifunga Sabato, ukipiga magoti, mtaje yeye kwanza. Mimi nitaje mwishoni.

Mwanao,
Raheli