Mbwa Aliyebeba Jina la Baba

S.L.P. 61,
Ikpiarjuk,
Nunavut.
4 Mei 2018

Mpendwa mdogo wangu Ilisapi,

Hujambo wewe na huyo uliyembeba? Miguu imeacha kuvimba? Usingizi unaupata? Mama ameniambia siku hizi unatafuna barafu ya friji kwa kijiko. Alicheka mpaka akakohoa, akasema huko Ottawa hata barafu mnaifungia kabatini. Na shemeji Luka, hajambo? Mwambie kile kisu alichoniletea bado kinakata, ingawa shemeji yako Simiuni anakitumia kufungulia makopo na tumegombana sana kwa ajili hiyo.

Sisi huku wazima. Mama kifua kinamsumbua asubuhi tu, akishakunywa chai anasahau. Jua nalo limekaribia kuacha kutua. Linashuka nyuma ya mlima, linajificha kidogo, halafu linarudi kama mtu aliyesahau kofia yake. Saa zote kuta za nyumba zina rangi ya chai ya maziwa, na watoto wanacheza nje mpaka mama zao wanachoka kuwaita.

Najua ulipoiona bahasha nene ulisema, haya, dada ameanza tena lile la jina. Ndiyo, nimeanza. Lakini nivumilie, safari hii sikuja kukusukuma. Tangu ile simu ya Krismasi, uliposema "Baba si mbwa" halafu ukakata, nimekuwekea kinyongo miezi minne mizima. Sasa kimekwisha, na nataka ujue kiliishia wapi.

Wewe ulikuwa umeshahama Baba alipofariki. Mwaka ule hakuna mtoto aliyezaliwa kwetu, wala uliofuata, na mimi unajua Mungu hakunijalia. Mama hakutaka jina la mumewe likae kwenye baridi bila mwenyewe, akampa mtoto wa mbwa, yule mweusi mwenye kifua cheupe. Wazee walifanya hivyo zamani jina lilipokosa mtoto, ili mwenye jina apate pa kukaa, na hapa kijijini hakuna aliyeshangaa. Ulishangaa wewe. Ukasema tumemdhalilisha Baba.

Basi kwa miaka saba Kalluk wa miguu minne amekuwa akiletewa kichwa cha samaki kila Jumapili, kwa sababu Kalluk wa miguu miwili alipenda kichwa. Mama akipita anapofungwa, anasimama na kumweleza nani kaoa, nani kanuna, nani kahama. Mimi sijawahi kumchapa wala kumkaripia. Utamkaripiaje baba yako mzazi? Wale mbwa wengine kumi na mmoja nawafokea mpaka sauti inakauka, yeye nilikuwa namwomba: "Baba, kulia kidogo tafadhali." Simiuni husema mimi ni mwendesha mbwa wa pekee Aktiki nzima anayeomba ruhusa ya kwenda.

Na alikuwa kiongozi hodari, hilo hata Juupi wa Mittimatalik, mwenye majivuno yake, hulikubali. Unakumbuka tunavyowafunga: kila mbwa na kamba yake, wametandazika mbele ya sleji kama vidole. Kamba ya Kalluk ndiyo ndefu kuliko zote. Akienda, wote wanaenda. Akigeuka, wote wanageuka, na sleji na mimi juu yake.

Mashindano ya mwaka huu yalikuwa ya kutoka hapa hadi Iglulik, siku nane, timu kumi. Simiuni alitutangulia kila siku kwa pikipiki ya theluji, akibeba hema, jiko na nyama ya sili ya mbwa. Mama alipanda ndege kwenda kutungojea mwisho wa safari. Nilitaka kushinda, Ilisapi, sitakuficha. Nilitaka jina la Kalluk lisomwe la kwanza mbele ya watu wote pale Iglulik, likufikie huko Ottawa, uone aibu kidogo. Ndivyo nilivyokuwa na roho mbaya.

Siku za mwanzo zilipita kama kwenye usingizi. Ukikaa juu ya sleji siku nne, tano, dunia yote inabaki vitu viwili tu, mikia na mwanga. Vyuma vya sleji vinaimba chini yako wimbo mmoja usiokwisha. Theluji haina mwisho, mbingu haina mwanzo, na mahali vinapokutana huoni mstari wowote. Siku ya tano mazigazi yalivinyanyua visiwa vikaning'inia hewani, vimepinduliwa, vilele vikitazama chini, na mbwa wakawa wanakimbilia chini yao bila kujali. Nilifurahi peke yangu mpaka machozi yakatoka. Yaliganda kwenye kope, nikacheka.

Jioni kwenye kambi tuliwavua mbwa vikoba vya ngozi vya miguuni, wanavyovaa mchana maana theluji ya masika ina vipande vinavyokata. Kalluk alinipa miguu yake mmoja mmoja kwa heshima, kama mzee anayevuliwa buti. Hapo nilijiambia, akija Ilisapi akaona hili, atanyamaza.

Asubuhi ya siku ya saba nilikuwa wa pili. Juupi alinizidi dakika kumi na moja tu, na mbwa wake wawili walikuwa wanachechemea. Siku hiyo ndiyo nilipaswa kumpita. Upepo ulikuwa umelala. Ukungu mwembamba ulitanda juu ya barafu, na jua likauwasha kutoka ndani ukawa mweupe wa maziwa, hata sikuweza kusema kama tunakwenda au tumesimama na dunia ndiyo inayopita. Nadhani nilisinzia. Sijui. Macho yalikuwa wazi.

Nikamwona Baba.

Alikuwa anatembea mbele ya mbwa, amevaa lile koti lake la manyoya lenye kiraka begani ulichokishona wewe ukiwa na miaka kumi, kimekaa upande. Mikono ameiweka nyuma. Hakuwa na haraka, lakini mbwa wakikimbia kwa nguvu zao zote hawakumfikia. Sikuogopa hata kidogo. Nilihisi joto kifuani, kama mtoto aliyelazwa kati ya wazazi wake. Nilitaka kumwita nikaona nitamchelewesha.

Kalluk akakata kushoto kuelekea nchi kavu. Bendera za njia zilikuwa kulia, niliziona vizuri, nyekundu, moja baada ya nyingine. Mwendesha mbwa yeyote mwenye akili angepiga mjeledi theluji ya kushoto na kumrudisha. Mimi nikasema moyoni, Baba anajua. Nikajifunika vizuri na kumwachia njia.

Niliamshwa na harufu. Unaijua harufu hiyo, hata miaka kumi ya Ottawa haiwezi kukusahaulisha. Ilikuwa igunaq! Nyama ya walarasi wa baharini iliyolala chini ya mawe tangu kiangazi mpaka ikaiva kwa kuoza, ile inayowatoa wazee machozi ya furaha na kuwakimbiza wageni nje ya hema. Mtu alikuwa ameshaondoa mawe ya shimo akalifunika kwa ngozi tu, na mbwa wangu kumi na wawili walikuwa wamezamisha vichwa humo hadi mabegani. Baba hakuwepo popote. Kalluk alikuwa katikati, amefumba macho kwa utamu.

Ilisapi, sijui niseme nini. Nilipiga kelele ambayo sijapata kuipiga tangu siku ya mazishi. "Mbwa mwizi wee! Mbwa mjinga usiye na haya! Toka hapo!" Na mjeledi nikauinua, ukamfikia sikioni. Alilia mara moja, akanitazama kwa macho ya mbwa. Macho ya mbwa tu, mdogo wangu, yenye hofu na njaa. Sikuona mtu mwingine ndani yake. Nikakaa kwenye theluji nikalia kwa sauti, na wale kumi na mmoja wakaendelea kula.

Mwenye shimo alikuwa mzee Tiimuti, na nyama yenyewe alikuwa ameiandaa kwa karamu ya kutupokea. Nilimweleza kwa simu ya upepo. Akajibu, kambi zote zikisikia: "Marehemu baba yenu alinimalizia igunaq yangu akiwa hai, nikavumilia. Sasa kafa na bado ananila! Hebu mwambieni apumzike, jamani!" Vicheko vikajaa hewani kutoka timu zote. Simiuni naye akaingilia: "Mke wangu, ulikwenda mashindanoni au ulialikwa harusi?" Nimemwahidi mzee sili wawili wanono, na amesema nisimpeleke yule mweusi kumwonyesha njia.

Tulimaliza wa sita. Mbwa walikuwa wanatembea kama wajawazito, usinichukie kwa mfano huo. Kwenye mstari wa mwisho Juupi alikuwa ameshakunywa chai yake na kuvua koti. "Shangazi Aviaq," akaniita mbele za watu, "hao wanakimbia au wanacheua?" Nikacheka nao. Ndani nilikuwa nimevunjika vipande, si kwa nafasi ya sita, bali kwa lile sikio.

Mama alishuka barafuni na kichwa cha samaki mkononi, kama kawaida yake. Aliliona sikio kabla sijafungua mdomo. Nikamweleza yote, koti, kiraka, shimo, mjeledi. Nilingoja anifukuze. Akaligusa lile sikio kwa ncha ya kidole.

"Tumemchosha," akasema. "Mbwa wa watu. Tumembebesha mtu mzima."

Akapiga magoti, na wewe unayajua magoti yake yalivyo. Akamshika yule mbwa mashavu yote mawili. "Ahsante kwa kunitunzia mume wangu," alimwambia. "Umemtunza vizuri. Sasa nenda zako, kawe mbwa." Akampa kile kichwa. Mbwa alikidaka, akakimbilia kwa wenzake mkia juu, na hakugeuka nyuma hata mara moja. Alionekana mwepesi. Sitaki kukudanganya, labda ni macho yangu.

Kwa hiyo ulisema kweli, nami nakuomba msamaha kwa maneno niliyokusema kwa watu. Ila wewe ulimwonea huruma Baba, na hatukumdhalilisha Baba. Tuliyemwonea ni mbwa. Siku hizi Simiuni anamwita Mwizi, kijiji kizima kimefuata, naye anaitika kwa furaha. Ninamfokea kama wengine. Anakimbia vizuri kuliko zamani, sina budi kukiri.

Lakini nyumbani ni kugumu, mdogo wangu. Miaka saba tulikuwa tukilitaja jina hilo kila siku: Kalluk amekula, Kalluk yuko wapi, mfungulieni Kalluk. Sasa hakuna wa kuitwa. Mama akipika samaki anakikata kichwa, anakiweka pembeni, halafu anakaa akikitazama. Jana nilimsikia akilisema jina peke yake jikoni, taratibu, akilijaribu kama kiberiti kisichowaka. Nilitoka nje nikasimama na mbwa.

Hakutaka nikuandikie haya. Alisema mtoto ni wako na wa Luka, na jina likilazimishwa halikai. Nimemwahidi sitakuomba, na sikuombi.

Simiuni anakusalimu, anasema kikiwa kidume kisifundishwe kuendesha mbwa na mama yake mkubwa. Tiimuti anakusalimu, na mkewe Susa, na Juupi mwenye majivuno. Mama anakutumia soksi mbili ndogo za manyoya ya sungura, zimo humu ndani. Amezishona mara tatu kwa sababu macho yanamdanganya. Mungu akushike mkono siku hiyo, akufungulie njia nyepesi, na mtoke wote wawili salama.

Neno moja tu, kisha nakuacha upumzike. Huwa wanasema mtoto anayelia bila kunyamaza, aliyeshiba na asiyeumwa, analitafuta jina lake. Akilia hivyo, wa kike au wa kiume, usimwambie mtu yeyote, hata Luka. Mweke begani, umnong'oneze sikioni lile jina mara moja. Akiendelea kulia, basi si yeye, mpe jina mnalolipenda nami nitalipenda. Akinyamaza, nipigie simu, saa yoyote. Nitampa Mama simu, nawe umweke mtoto karibu, asikie mume wake anavyopumua.

Ni mimi dada yako, niliyekukasirikia miezi minne bila kuacha kukupenda hata siku moja,

Aviaq