Shamba Lililowasubiri Wakubwa

Baba, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa hapa nyumbani Ngara, nimekaa kwenye kile kiti chako ulichokuwa unatukataza. Mgahawa wangu wa Lusahunga, pale malori yanapolala, nimeufunga juma hili. Pokea kwanza habari kubwa: jana tumemaliza matanga yako. Najua ungeuliza mbona tumechelewa hivyo. Ngoja nikueleze.

Desturi ya ukoo wetu unaijua kuliko mimi. Shamba la marehemu haliguswi na jembe mpaka dada yake aonje kwanza pombe ya kumaliza matanga. Na dada yako ni mmoja tu, Shangazi, naye aliolewa Burundi. Ulipofariki hakufika. Mafuta yalikuwa hayapatikani upande wao, mabasi ya kuja mpakani Kabanga yamesimama, na vita vya Kongo vimewasogelea mpaka watu wanaogopa kuacha nyumba zao. Tukasema tusubiri kidogo. Kidogo hicho kikala msimu mzima wa maharage.

Aliyetusubirisha ni Baba Mdogo. Alirithi redio yako, akarithi na maneno yako: "Subirini, wakubwa watakaa mezani." Kila jioni anaiweka sikioni kama wewe, kisha anatutangazia kwamba wakubwa wa nchi wanakutana kumaliza vita. Wakakutana kweli. Wakapigwa picha. Juma lililofuata kila mmoja akamlaumu mwenzake, na Baba Mdogo akatuambia kuna mkutano mwingine. Zamani ulikuwa ukitutajia nani atagonga meza watu wanyamaze. Siku hizi hagongi mtu. Wenye nguvu walio mbali wana ugomvi wao, na hawa wa jirani wanatazamana tu. Ni kama darasa ambalo mwalimu ametoka na kiranja naye katoroka.

Mimi hayo nayaona kwenye masufuria. Zamani dereva wa lori alikuwa ananiambia njia itafunguka Jumatatu, nami naloweka maharage Jumapili. Sasa nikiuliza ananijibu, "Tutaona, mama." Anayekuja nyuma yake naye hivyo hivyo. Utaloweka kiasi gani kwa "tutaona"? Nimekuwa na hasira mwaka huu, Baba, na sikujua nimkasirikie nani.

Aliyenitia uchungu zaidi ni Mama. Mvua za masika zilipoanza alisimama kando ya shamba na jembe lake, magugu yamemfika kiunoni, kisha akarudi nalo ndani. Nililia jikoni. Halafu nikampigia Shangazi simu, nikamwambia tumechoka, tutalima hivyo hivyo, atusamehe. Akanikatiza: "Msiguse. Nakuja." Nikadhani anasema tu.

Alikuja kwa baiskeli, Baba! Mwenye baiskeli mmoja anampakia mpaka soko hili, anamkabidhi kwa mwenzake, naye anamfikisha soko lingine, hivyo hivyo mpaka Kabanga. Na ile miguu yake iliyovimba. Nilimpokea mpakani kajaa vumbi, ananicheka ninavyolia. Baba Mdogo akamuuliza kama huko alikotoka kuna lolote kuhusu wakubwa. Akasema, "Mimi nimewaona wenye baiskeli tu." Hata Baba Mdogo alicheka.

Jana ndiye aliyevuta mrija wa kwanza. Akasema pombe yetu imechachuka, akavuta tena. Kisha akamkabidhi Mama jembe. Leo asubuhi tumelima kipande, tukapanda maharage. Tumechelewa, lakini udongo bado una maji, tutakachopata tutashukuru.

Kesho Shangazi anarudi. Nimembembeleza akae, hataki, anahofia njia isije ikafungwa akiwa huku. Sijui kama nitamwona tena, na hilo linaniuma kama kilivyoniuma kifo chako. Nakuahidi jambo moja. Maharage haya yakikauka nitampelekea mwenyewe, kwa baiskeli zilezile, wakubwa wawe wamekutana au hawajakutana.

Ataondoka kabla hapajakucha, na tochi yake imekufa. Nilimwomba Baba Mdogo betri za redio yako. Alizishika kwa muda mkononi, akanipa, na zimeingia sawasawa.

Basi pumzika, Baba. Redio yako imenyamaza, usinikasirikie. Dada yako anahitaji kuona njia.

Binti yako.