Mlio Alioujua Baba

Wilton, usinijibu kwanza. Soma tu.

Ulinionya nisiiguse ile injini ya boti. Nimeigusa. Wiki nzima nimepiga tupa matundu ya moshi ndani ya silinda, nikachonga na kifuniko chake cha juu, nipate nguvu zaidi. Leo nimetoka Seghe hadi nyumbani kwa dakika ishirini. Ishirini, kaka. Zamani arobaini.

Nafika gatini, baba amekaa palepale pake. Unajua hali yake. Sura yangu ilishamtoka akilini, na sauti pia. Kilichobaki ni mlio wa injini. Akiusikia tu anasimama, anasema, "Obed huyo," halafu ananipokea kamba.

Leo hakusimama.

Nimemrushia kamba, ikamwangukia miguuni. Nikamwambia, "Baba, ni mimi, Obed." Akanijibu kwa adabu kabisa, kama anavyowajibu wageni: "Obed bado hajarudi, kijana. Injini yake naijua."

Injini yake naijua. Ananitazama machoni, anasema hivyo.

Nimeiwasha tena mara tatu, nikapunguza mafuta ingurume taratibu kama zamani. Wapi. Inalia kama msumeno. Na chuma kilicholiwa na tupa hakirudi, wewe fundi unajua.

Nimemwambia twende ndani, viazi vimeiva. Amekataa. Anasema mwanawe akifika nani atampokea kamba. Halafu akasogea kidogo, akapigapiga ubao kando yake. "Keti nawe, kijana. Tumngoje pamoja."

Nimekaa, Wilton. Tunamngoja.