Kashata Ndani ya Kikombe

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu zako zimetufikia hapa Mtongwe. Tu wazima, alhamdulillahi, na mamako kikohozi kimemwacha.

Wauliza kama maisha yangu yote nimeinywa kahawa chungu tu. Nilipokuwa bi harusi mpya, jirani yetu Mama Njeri, mgeni kutoka bara, alikuja kunitembelea. Nikamtilia kahawa, nikamwekea na kashata ya kutafunia. Akaitumbukiza kikombeni, akakoroga, nazi ikaelea! Wallahi nilijizuia kucheka hadi machozi yakanitoka.

Alipoondoka, nikafunga mlango, nikajaribu.

Hadi leo tukikaa pamoja, Mama Njeri hutafuna kashata yake kando, kama nilivyomfundisha. Mimi nikibaki peke yangu, hukoroga.

Nawe huko Eldoret, kahawa waipenda vipi? Niambie kweli. Lakini hii yangu, Mama Njeri asiijue.

Bibiyo