Nimemwonea Wivu Mbwa

Nairobi, 4 Mei 2025

Mke wangu Rhobi,

Habari za Butiama? Agness anaendeleaje na kikohozi? Mimi mzima, ila baridi ya huku inanikondesha.

Nakutumia video ya maonyesho ya mbwa ya jana. Huyo mwenye suti ya kuazima, aliyeshika kamba, ni mimi. Mbwa ni Kaiza wa bosi, wa aina ya Jemani Shepadi. Usicheke mgongo wake kuteremka nyuma, ndiyo sifa ya ukoo wao. Jaji anatazama mabega, kifua na mkunjo wa miguu ya nyuma, kisha anatukimbiza mduara aone mwendo. Tumekuwa wa pili. Aliyetushinda ana miguu mifupi na masikio ya kufagia chini, nami sijaelewa mpaka leo.

Nitakuja Juni.

Mumeo,
Baba Agness

Butiama, 11 Mei 2025

Baba Agness,

Salamu nyingi. Kikohozi kimeisha, mwanao anakula mpaka changu.

Video nimeitazama na kaka Leodgar. Unamjua na ng'ombe zake. Akasema, "Huyu mbwa alipigwaga kiunoni? Huku kwetu fisi wangemmaliza siku moja." Nikacheka mpaka machozi, halafu machozi yakakataa kukauka. Jaji alimpapasa Kaiza shingoni, mgongoni, mapajani, taratibu, akamfungua mdomo, na wewe umemshika kidevu unamnong'oneza. Nisikufiche, nimemwonea wivu mbwa. Mwaka wa pili huu hakuna aliyeniuliza hata kama jino linaniuma.

Njoo, hata mikono mitupu.

Mama Agness

Nairobi, 29 Juni 2025

Mke wangu,

Natumaini hamjambo. Juni imeisha na mimi bado niko huku. Bosi anasema Kaiza hatulii na mtu mwingine, na Agosti kuna maonyesho makubwa. Nikimaliza hayo nakuja. Najua Krismasi nilisema hivyohivyo. Nimewakumbuka mno. Gauni nililomnunulia Agness, nikiangalia picha, naona halimtoshi tena.

Nijibu, tafadhali.

Mumeo

Makutano, 24 Agosti 2025

Mume wangu,

Hujambo huko njiani? Sisi wazima. Sikukujibu kwa sababu nilikasirika.

Leo asubuhi nimeona mtandaoni video ya maonyesho. Kaiza anakimbizwa na mtu mwingine, kila hatua anageuka nyuma kukutafuta, mwendo wote umeharibika. Nikampigia bosi wako. Akasema umeacha kazi, jana umepanda basi la Sirari, mpakani. Nilikaa chini palepale jikoni. Simu yako haipatikani. Labda chaji imeisha, au unaogopa nitakusema. Nitakusema.

Mila naijua, mwanamume akitoka safari huanzia kwa mama yake. Mama yako yuko Bunda, nampenda, na haki yake siipingi. Lakini safari hii anza na mimi. Ukiwasha simu ukakuta haya, usipitilize hadi Bunda. Shuka Makutano. Nimesimama kwenye njia panda ya Butiama, na kila basi likipunguza mwendo nawaangalia wanaume wote usoni.

Mkeo