Jina Lisilo Kwenye Bili

3 Februari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na goti lako limepunguza ukorofi. Sisi huku wazima. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa kila akisema "sisi" anapiga mluzi.

Nina habari njema ila imeingia mchanga. Unajua mwaka wa tano huu nasimamia watoto kwenye basi la shule: nawafunga mikanda, nawafuta makamasi, nawashusha mlangoni kwao. Dereva wetu anastaafu. Mwalimu mkuu kaniita ofisini, akasema, "Nasikia unajua kuendesha." Nikamwambia baba yangu alinifundisha kwenye lori la mchanga nikiwa na miaka kumi na saba. Akasema nikileta leseni kabla muhula mpya haujaanza mwezi wa tano, basi ni langu.

Mtihani wa barabarani nimefaulu, hata ule wa kurudi nyuma kwenye kona. Nimekwama dirisha namba nne la ofisi ya leseni. Wanataka cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, na karatasi inayoonyesha ninapoishi, yaani bili ya maji au umeme yenye jina langu. Bili zetu zote zina jina la mume wangu. Karani alikuwa anakula karanga. Alizipekua fomu zangu kwa vidole vile vile vya mafuta, akanirudishia zikiwa na madoa.

"Mama, kwa karatasi hizi wewe huishi popote."

Nikamwambia nimeishi nyumba ile miaka saba.

"Anasema nani?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Nilifika nyumbani nikaifuta ile fomu kwa kitambaa, madoa yakazidi kutanuka.

Nitafutie cheti changu cha kuzaliwa, Baba, unitumie. Hili la makazi ni jepesi. Wanakubali barua ya mwenye nyumba iliyopigwa muhuri na ofisi ya mtaa, na mwenye nyumba nalala naye kitanda kimoja.

Mama msalimie sana.

Binti yako

12 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Tumeipata barua yako tukiwa wazima, isipokuwa goti, ambalo limejitangazia uhuru wake na halinisikilizi tena.

Cheti kimo humu ndani ya bahasha. Pembe moja imeliwa na mende lakini jina na tarehe vinasomeka. Nilimwambia fundi baiskeli wa hapa jirani kuwa binti yangu ataendesha basi, akaniuliza basi la viti vingapi. Nilisema sitini. Kama si sitini usinirekebishe.

Huyo karani mpuuze. Watu waliokalishwa nyuma ya kioo huwa hivyo. Kwa mumeo nenda taratibu. Mngoje ale, avue viatu, ndipo umweleze. Mkwe wangu ni mtu wa heshima, hatakosa kukuandikia mistari miwili.

Baba yako

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini mu wazima. Mjukuu wako mzima. Mimi usiniulize.

Nilifanya kama ulivyosema. Alikula, akavua viatu, nikamweleza. Akasema tutaona. Wiki ya pili nikamkumbusha, akasema ana kazi nyingi. Mara ya tatu nilikuwa nimeshaiandika barua mwenyewe, nikamwekea na kalamu juu yake. Akaisoma mpaka mwisho, akaisogeza kando ya sahani yake.

"Leo leseni," akasema, "kesho nusu ya nyumba."

Nikamuuliza nani kamwambia hayo.

"Nimeshauriwa. Karatasi inayosema unaishi hapa ni karatasi ya mahakamani. Sitii sahihi kitu kitakachokuja kunifukuza kwangu."

Sikubishana naye. Asubuhi nikaenda ofisi ya mtaa, maana nilijua kuna daftari la wakazi, na siku ya kuandikishwa tulikwenda wote watatu, mtoto akiwa mgongoni. Karani wa mtaa ni mama mmoja mtaratibu. Akafungua ukurasa wetu. Kisha akaligeuza daftari nione.

Palipoandikwa "mke" na "mtoto" pamekatwa kwa mstari mmoja. Juu yake, kwa wino mpya, pameandikwa "wageni wawili".

"Alikuja Jumatatu," akasema. "Alisema tulikosea. Nilidhani umeshaondoka, mwanangu."

Mgeni, Baba. Nilibeba maji ya kukorogea saruji ya nyumba ile nikiwa na mimba ya miezi sita. Dirisha la jikoni nililipaka rangi kwa mkono wangu. Na unajua kilichonichefua zaidi? Jumatatu ile ile alirudi jioni, akanikuta nimechemsha maji ya kuoga, akasema asante mke wangu. Akaoga, akalala, akakoroma. Tangu nilione lile daftari, siwezi kumwangalia akitafuna. Nasikia taya zake mpaka chumba cha pili.

Binti yako

13 Machi

Mwanangu,

Sina nguvu ya kuuliza hali, najua hali yako.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikasema umekosea, labda ni daftari la mtaa mwingine. Nikamwandikia mkwe, mtu mzima kwa mtu mzima. Jibu lake nimelipata jana. Ananiita mzee, anasema ananiheshimu, kisha: "Hayo ni mambo ya nyumba yangu. Binti yako kwangu hapungukiwi kitu. Akitaka kutembea nitamtembeza kwa gari langu." Maneno "langu" na "yangu" yamo mara tisa katika karatasi moja. Nilinawa mikono baada ya kuisoma.

Nilikuambia uende taratibu. Nisamehe kwa hilo. Nilikutuma ukambembeleze mtu aliyekuwa ameshakufuta.

Mama yako anasema uvumilie, kisha anaingia chumbani na kufunga mlango. Mimi nasema njoo nyumbani na mtoto. Chumba chako kipo.

Baba yako

19 Aprili

Mwanangu,

Sijapata jibu lako. Wiki tano sasa. Posta wananijua, wakiniona tu wanatikisa kichwa. Hata kama umekasirika, andika neno moja.

Baba yako

16 Mei

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Tu wazima sote wawili. Sikukasirika. Ulisema nije nyumbani, nikajua nikikujibu tu nitakuja, na nikija basi la shule litakwenda kwa mwingine. Tena nilitaka nikuandikie nikiwa na anwani.

Tulihama mwisho wa mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, yeye akiwa kazini. Nimepanga chumba nyuma ya duka la fundi cherehani, mjane mwenye ulimi mkali na moyo mkubwa. Ukuta mmoja una unyevu na mlango unabidi uubebe kidogo ndipo ufunge. Nilimwambia sitaki kingine ila mkataba, na mita ya maji ya upande wangu iandikwe jina langu. Akaniangalia juu ya miwani. "Wengine wanauliza kama kuna kivuli," akasema, "wewe unauliza bili." Lakini akaenda nami ofisi ya maji siku hiyo hiyo, sindano zikiwa bado zimechomekwa kifuani.

Bili ya kwanza ilichukua mwezi mzima kuja. Nilikuwa namsubiri msomaji wa mita kama mchumba.

Dirisha namba nne nilimkuta yule yule. Akasoma bili, akasoma mkataba, akasoma cheti chako kilicholiwa na mende. "Umehamia lini mtaa huu?" Nikamwambia. "Na kabla ya hapo uliishi wapi?" Nikamjibu, "Wewe mwenyewe uliniambia. Sikuishi popote." Hakukumbuka. Akagonga muhuri.

Leseni ninayo, Baba. Wiki hii ndiyo ya kwanza. Basi ni la viti thelathini na mbili, gia ya pili ina ubishi, na watoto wananiita Mama Usukani.

Njia yangu inapita kule tulikohama, kwa sababu watoto wa jirani wanapanda pale. Jana mume wangu alikuwa amesimama kwenye geti lake. Akasogea mpaka mlango wa basi.

"Umefurahi sasa?"

Watoto wote walikuwa wanasikia, na wetu akiwa kiti cha mbele. Nikamwambia asogee, nafunga mlango. Akasogea.

Nilidhani nitafurahi kweli. Badala yake nilipofika shuleni nilitapika nyuma ya choo cha walimu. Nimemaliza kumchukia yeye. Kinachonitia kinyaa ni zile wiki nilizomfuata na kalamu mkononi, mtu mzima mwenye akili zangu, namwomba ruhusa ya kusema ninapolala.

Msomee Mama barua hii. Msomee yote.

Binti yako

17 Juni

Mwanangu,

Barua yako nilimsomea Mama yako nikiwa barazani, yote kama ulivyotaka. Nilipofika mwisho alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Akauliza, "Na mimi nalala kwa nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikaingia ndani nikatoa makaratasi yote. Hati ya kiwanja, jina langu. Maji, jina langu. Umeme, jina langu. Hata risiti ya mabati, ambayo yeye ndiye aliyekwenda kuyachagua mimi nikiwa safarini. Miaka thelathini na tisa. Nilikaa sakafuni nikiwa nimezungukwa na mimi mwenyewe, mwanangu, na sikupenda kujiona. Nilikumbuka jinsi nilivyohesabu yale maneno tisa ya mumeo kama vile mimi ni mtu wa aina nyingine.

Nilikwenda ofisi ya ardhi kesho yake. Kijana wa pale aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, unaumwa?" Kumbe wanaume huandikisha wake zao wakishaambiwa na daktari kuwa hawaponi. Nikamwambia kinachouma ni goti tu. Wamenizungusha wiki tatu, picha mbili, mashahidi wawili, fundi baiskeli akiwa mmoja wao.

Hati mpya imetoka jana. Nilimkabidhi jikoni. Alifuta mikono, akaisoma polepole, akalifuatisha jina lake kwa kidole mpaka herufi ya mwisho.

"Kwa nini leo?" akauliza.

Nikaanza kumweleza habari za barua yako. Akaikunja, akaenda nayo chumbani, nikasikia sanduku lake likifungwa. Ufunguo sijui ameuweka wapi, na sijauliza.

Baba yako